Arosto imeisha siku ya saba, mbona anarudi kwenye unga?

DadaMhudumu_Temeke

Wakuu, salaam. Nafanya kazi ya uhudumu wa afya ngazi ya jamii, na swali hili naulizwa karibu kila mtaa ninaoingia, kwa hiyo nataka majibu ya watu wanaoijua kazi yenyewe.

Kijana anatumia unga, yaani heroini: anavuta kokteli (unga uliochanganywa na bangi) au anajidunga. Ndugu wanakaa kikao, wanamfungia chumbani wiki nzima au wanampeleka shamba kwa babu yake. Arosto inaanza, yaani mateso ya mwili uliokosa unga: anatapika, anaharisha, analalamika mifupa, mpaka siku ya saba ametulia na anakula. Familia inashukuru kwamba amepona. Haziishi wiki mbili yuko kijiweni, na baadhi yao wanakutwa wamekufa, bomba la sindano likiwa pembeni.

Kama arosto imeisha, kinachomrudisha ni nini? Kumfungia ndani kuna hatari gani, na kama familia imeshaamua, wafanye nini humo chumbani? Na methadoni, dawa ya kunywa inayotolewa kliniki badala ya unga: wazee wengi wananiambia ni kumtoa mtu kwenye unga wa kijiweni na kumpa unga wa serikali. Nawajibu nini?

Nesi_AfyaAkili

Dada, pole na kazi. Familia zinachanganya mambo mawili yanayokaa ndani ya mtu mmoja, lakini kila moja lina muda wake.

La kwanza ni mwili kuzoea dawa. Heroini ikifika kwenye ubongo inageuka mofini na kushika vipokezi vinavyotuliza maumivu, kupunguza kasi ya kupumua, kulaza utumbo na kubana mboni ya jicho. Mwili unaolegezwa hivyo kila siku unajibu kwa kuongeza nguvu upande wa pili. Kwenye shina la ubongo kuna sehemu ndogo inayomwaga noradrenalini, na kwa mtumiaji wa kila siku sehemu hiyo inafanya kazi kupita kiasi ili mtu aweze kukaa macho. Unga ukikatika, kilichokuwa kinaizuia kimeondoka na noradrenalini inafurika: jasho, moyo kwenda mbio, vinyweleo kusimama, mboni kupanuka. Utumbo uliokuwa umelala (ndiyo maana watumiaji hukaa siku nne au tano bila choo) unaamka kwa nguvu, na hapo ndipo anaharisha. Ukiangalia, dalili nyingi za arosto ni kinyume cha kazi ya unga.

Arosto ya heroini huanza saa 6 hadi 12 baada ya kete (kifurushi kidogo cha unga) ya mwisho, kwa miayo, machozi na kamasi. Inakuwa kali zaidi kati ya saa 36 na 72. Siku ya 5 hadi ya 7 sehemu kubwa imepita, ila usingizi mbovu, unyonge na kukosa raha ya kitu chochote huendelea kwa wiki kadhaa, wengine miezi.

Sasa, mwili kuzoea dawa peke yake si uraibu. Mgonjwa wa saratani anayekunywa mofini ya maji kila baada ya saa 4, ukimkatia ghafla atapata arosto kama ya kijana wako. Lakini hauzi masufuria ya mama yake ili aipate, na dozi ikipunguzwa taratibu anaachana nayo wala haitafuti tena.

La pili ndilo uraibu wenyewe. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la uainishaji wa magonjwa, linaangalia mambo matatu: mtu kushindwa kudhibiti anaanza lini, anatumia kiasi gani na anaacha saa ngapi, dawa kutangulia mbele ya chakula, kazi na watoto, hata madhara yakionekana, na mwili kuzoea, yaani dozi kupanda au arosto kutokea. Yakiwepo mawili kati ya matatu, kwa kawaida katika kipindi cha mwaka, huyo ni mgonjwa wa utegemezi. Wiki moja chumbani inagusa lile la tatu tu. Mawili ya mwanzo yanatoka naye mlangoni siku ya saba.

Yanatoka naye kwa sababu ubongo umejifunza. Kila mara unga ulipoingia, ubongo ulihifadhi kila kilichokuwepo: mwanga wa kiberiti, karatasi ya kusokotea, kona fulani, sauti ya mtu fulani kwenye simu, noti ya elfu kumi mkononi. Baada ya miezi vitu hivyo pekee vinatosha kuamsha hamu. Wapo ambao miezi baada ya kuacha, wakikaribia mtaa wao wa zamani, wanaanza kupiga miayo na kutokwa machozi kana kwamba arosto imeanza upya, na ndani ya damu hakuna chembe ya unga. Ndugu wakiona hivyo wanasema anajifanya. Hajifanyi.

Hapo ndipo hoja ya shamba inapoingia. Mwaka 1971 wanajeshi wengi wa Marekani walitoka Vietnam wakiwa wamezama kwenye heroini. Mtafiti Lee Robins na wenzake waliwafuatilia, na wengi wao hawakurudi kwenye uraibu baada ya kufika kwao. Walitoka mahali palipowafundisha unga wakaingia kwenye maisha mengine kabisa. Kijana wa Temeke akipelekwa Korogwe miezi mitatu halafu akarudishwa kwenye chumba kile kile, marafiki wale wale, bila kazi, tumefanya kinyume chake. Shamba linasaidia kama ana sababu ya kubaki huko.

Na vifo ulivyovitaja: kinachoshuka haraka ndani ya mwili ni uwezo wake wa kuhimili dozi, na hamu inabaki pale pale. Kiasi ambacho mwezi uliopita kilikuwa kinamwondolea arosto tu, baada ya wiki mbili safi kinaweza kumzimia pumzi. Kete nayo haina kipimo cha uhakika, leo imechanganywa paracetamol na kafeini nyingi, kesho kidogo. Kwa hiyo siku za hatari kubwa kuliko zote ni zile za kutoka: kutoka chumbani, gerezani, soba hausi (nyumba ya kuachia dawa), hospitali. Hili liseme kwa familia waziwazi na mbele ya kijana mwenyewe, hata kama wanaona ni mkosi kulitamka.

Mfamasia_Zamu

Naongezea kwenye swali la chumba.

Arosto ya heroini kwa mtu mzima mwenye afya ni mateso makubwa, lakini kwa kawaida yenyewe haiui. Kinachoua ni kukaukiwa maji kwa kutapika na kuharisha siku tatu mfululizo bila mtu kujali, wakidhani ni sehemu ya adabu. Tena asifungiwe kwa kufuli wala mnyororo. Akipata degedege au moto ukitokea, hakuna wa kumtoa.

Kama familia imeshaamua, awepo mtu mzima mmoja anayekaa naye kwa zamu. Pakiti moja ya ORS kwenye lita moja ya maji safi, na kila akiharisha anywe kikombe kimoja, kama mililita 200, kidogo kidogo. Akitapika wangoje dakika 10 kisha waanze tena kwa vijiko. ORS ikikosekana, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwa lita moja, vipimwe kwa kijiko kilichosawazishwa. Kwa mifupa, paracetamol gramu 1 (vidonge viwili vya miligramu 500), isipungue saa 6 kati ya dozi na dozi, na isizidi gramu 4 kwa siku. Kama ana homa ya ini au amekonda sana, kiwango kiwe chini ya hapo, waulize kwanza kituoni. Akishindwa kubakiza maji tumboni, asipopata mkojo kwa saa 8, akichanganyikiwa au choo kikiwa na damu, wampeleke hospitali, wasingoje kesho.

Sasa makosa ninayoyaona yakirudiwa. La kwanza ni tramadoli ya kununua kienyeji. Ni ya ukoo ule ule wa mofini, na dozi kubwa inaleta degedege. La pili ni valiamu ili alale. Akitoroka usiku na kuvuta kete juu ya valiamu, vitu viwili vinavyopunguza kupumua vimekutana. Ziko dawa za kutuliza arosto, kwa mfano klonidini, lakini inashusha presha na lazima apimwe kabla ya kila dozi, hiyo si ya kutumia nyumbani kwa kukisia.

Mjamzito asikatishwe unga kwa nguvu, hata siku moja. Arosto inaweza kuleta mimba kutoka au uchungu kabla ya wakati. Yeye anapelekwa moja kwa moja kwenye methadoni, na mtoto akizaliwa anaangaliwa kwa siku kadhaa kwa sababu naye anaweza kupata arosto, ambayo inatibika.

DadaMhudumu_Temeke

Asanteni sana. Kabla hatujafika kwenye methadoni: baadhi ya hawa vijana wanakunywa gongo kila siku pamoja na unga, na wengine wanameza valiamu. Utaratibu wa chumba ni ule ule?

Dk_Uraibu

Hapana dada, na hapa watu wanapotea bila sababu. Pombe ya kila siku na valiamu ni hatari zaidi kuziacha ghafla kuliko unga. Mnywaji mkubwa akikatishwa, degedege inaweza kutokea kati ya saa 6 na 48. Kuanzia siku ya 2 hadi ya 4 anaweza kuanza kuona wadudu ukutani, kutetemeka mwili mzima, homa, presha kupanda. Mitaani wanasema amepandisha mashetani. Hiyo inaua, na inatibiwa wodini kwa diazepamu (ndiyo valiamu yenyewe) ya dozi inayopunguzwa, pamoja na vitamini B1, ambayo inatakiwa iingie kabla ya dripu ya sukari kwa sababu sukari ikitangulia inaweza kuuumiza ubongo uliokwisha akiba ya vitamini hiyo. Mtumiaji wa valiamu wa miezi mingi anapunguziwa kidogo kidogo kwa wiki au miezi, na degedege yake inaweza kuchelewa hata wiki nzima. Kwa hiyo swali lako la kwanza nyumbani liwe: mbali na unga, anakunywa nini na anameza nini, na mara ya mwisho ilikuwa lini? Bangi na mirungi kuviacha kunaleta hasira, usingizi kuvurugika na unyonge, lakini havihitaji wodi kwa ajili ya mwili.

Nije kwenye wazee na hoja ya unga wa serikali. Wanachokisema kina nusu ya ukweli na usiwakatalie hiyo nusu: ndiyo, mwili wake unabaki umezoea dawa ya jamii ile ile. Akiruka methadoni atapata arosto. Lakini rudi kwenye yale mambo matatu ya Nesi. Methadoni inaacha lile la tatu na kuondoa mawili ya mwanzo, ambayo ndiyo yaliyokuwa yanauza vyombo vya ndani.

Heroini inapanda kwa sekunde na kazi yake inaisha baada ya saa 4 hadi 6. Siku moja ina misukosuko mitatu au minne ya kutafuta pesa. Methadoni ya kunywa inapanda taratibu, inafika juu baada ya saa 2 hadi 4, haina ule mshtuko wa stimu, na kikombe kimoja kinamshikilia saa 24 au zaidi. Ikifika dozi ya kudumu, ambayo kwa wengi ni miligramu 60 hadi 120 kwa siku, mwili umezoea kiasi kwamba hata akivuta kete haisikii sawasawa. Kijana analala usiku, anaamka, anakunywa mbele ya mfamasia, anaongea ili ionekane ameshameza, anakwenda kazini. Hajidungi, kwa hiyo VVU na homa ya ini aina ya C havipiti kwenye bomba. Dawa za TB na ARV anazimeza hapo hapo dirishani.

Lakini uwaeleze pia inavyokosewa. Dozi ya kwanza ni miligramu 20 hadi 30, si zaidi, hata kama anasema yeye ni mkongwe. Methadoni inachukua karibu siku moja hadi siku moja na nusu kwa nusu yake kutoka mwilini, hivyo dozi ya leo inakuta mabaki ya jana. Miligramu 30 zile zile, siku ya tano zimejikusanya hadi karibu mara mbili ya siku ya kwanza. Ndiyo sababu tunaongeza miligramu 5 hadi 10 kila baada ya siku chache na si kila siku. Wiki mbili za mwanzo mgonjwa ana arosto ya jioni, analalamika dawa haina nguvu, na anaongezea kete au gongo. Vifo vya methadoni vingi vinatokea hapo. Familia ikijua kwamba wiki hizo mbili ni za kuvumilia, na kwamba usiku wanatakiwa kumsikiliza anavyopumua, tumeshinda sehemu kubwa.

Akikosa siku 3 mfululizo asipewe dozi yake ya zamani bila kutathminiwa upya, huwa tunaishusha. Akikosa siku 5 au zaidi anaanza chini. Wengi wanaona hiyo ni adhabu, waelezwe kwamba mwili umeshapoteza uzoefu.

Na TB, ambayo kwa watu wetu ni nyingi. Rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, inalifanya ini livunje methadoni haraka. Ndani ya wiki moja au mbili za kuanza dawa za TB, mgonjwa aliyekuwa ametulia kwenye miligramu 80 anarudi akitokwa jasho na kamasi. Anaambiwa anadanganya ili aongezewe. Hadanganyi, anahitaji kuongezewa, wakati mwingine sana. Miezi 6 ya TB ikiisha, ini linarudi taratibu kwenye hali yake kwa muda wa wiki mbili hivi, na dozi iliyopandishwa sasa ni kubwa mno. Hapo lazima ishushwe. Kwa upande wa ARV, efavirenzi nayo inapunguza methadoni, dolutegraviri haina tatizo hilo. Dawa za kifafa kama fenitoini na kabamazepini zinapunguza, flukonazoli ya fangasi inapandisha. Kadi ya methadoni na kadi ya TB zisomwe na mtu mmoja.

Muda wa tiba: chini ya mwaka mmoja ni kujisumbua, na wengi wanahitaji miaka. Anayetaka kutoka anapunguziwa kidogo kidogo kwa miezi, kwa ombi lake, si kwa sababu shangazi amechoka kumsindikiza.

Muhimbili walianza kutoa methadoni Februari 2011, baadaye zikafuata Mwananyamala na Temeke, halafu mikoani. Zanzibar ipo Kidongo Chekundu. Wenzetu wa Kenya walianza Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014, kisha Malindi na Mombasa. Dawa kwenye kliniki za serikali ni bure. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina namba ya bure, 119. Wewe uko Temeke, mpeleke mwenyewe mguu kwa mguu. Karatasi ya rufaa inapotea njiani.

Elimurika_Pwani

Naomba kuongeza kuhusu aliyezidiwa na unga, maana mitaani wanafanya vitu vinavyomalizia mtu.

Dalili ni tatu: haamki ukimwita na kumsugua mfupa wa kifua kwa konde, anapumua chini ya mara 12 kwa dakika au anakoroma kama anayegugumia maji, na mboni zimekuwa kama ncha ya sindano. Kwenye ngozi nyeusi angalia ndani ya midomo na kucha, zinakuwa za kijivu. Anachokosa ni hewa, kwa hiyo mpe hewa. Mlaze chali, toa kilichomo mdomoni, inua kidevu, bana pua, puliza pumzi moja kila sekunde 5 huku ukiona kifua kinapanda. Mwenzako atafute usafiri. Akianza kupumua mwenyewe mlaze ubavu, goti la juu limekunjwa, ili akitapika asipaliwe.

Maziwa asimwagiwe mdomoni, yanaingia mapafuni. Asichomwe sindano ya maji ya chumvi, asimwagiwe ndoo ya maji baridi, asitembezwe kwa kuburutwa. Asiachwe "alale aiondoe", kwa sababu kukoroma kule si usingizi.

Naloksoni, dawa ya kutengua unga mwilini, usitegemee kuikuta duka la dawa la mtaani, ni ya hospitali. Inamwamsha kwa dakika chache lakini kazi yake ni dakika 30 hadi 90 tu. Heroini inaweza kubaki baada ya hapo, na methadoni inabaki muda mrefu zaidi. Anayeamka na kung'ang'ania kuondoka anaweza kuzimika tena njiani. Abaki chini ya uangalizi.

DadaMhudumu_Temeke

Nimeandika yote kwenye daftari. Moja la mwisho: Ramadhani inakuja, na wapo wanaoacha kliniki ili wafunge. Inawezekana kunywa baada ya futari?

Dk_Uraibu

Dawa yenyewe inaruhusu, kwa kuwa ni mara moja kwa siku, kama kliniki inaweza kumhudumia jioni. Shida ni siku ya kuhama. Aliyezoea saa 1 asubuhi akisubiri saa 1 usiku wa kesho yake amekaa saa 36, na arosto itamkuta katikati ya saumu ya kwanza. Kwa hiyo aje kliniki wiki moja kabla ya mwezi kuandama. Siku ya mwisho ya Shaabani dozi inaweza kugawanywa, sehemu asubuhi na sehemu jioni, na daktari ndiye anayepanga kiasi. Methadoni inafunga choo na saumu inaongezea, maji ayanywe ya kutosha kati ya futari na daku.

Wanachosahau ni kurudi. Akinywa usiku wa mwisho wa Ramadhani kisha akanywa dozi kamili asubuhi ya Idi, dozi mbili zimepishana kwa saa 12 tu, na siku hiyo kuna wenye kusherehekea kwa pombe. Siku hiyo ya kurudi ndiyo ya kutisha zaidi kuliko ile ya kuhama. Siku ya Idi aendelee na muda wa jioni au apewe dozi iliyogawanywa, na mpango huo uandikwe kwenye kadi yake mapema, kabla wahudumu hawajabadilishana zamu za sikukuu.